Bisibisi Yenye Alama za Meno

Sogeeni, wanangu, msinikalie mbali hivyo, sina tena nguvu ya kupaza sauti hadi mlangoni, na haya ninayotaka kuyasema si ya kupigiwa kelele. Mama Pacha, binti yangu mkubwa, vuta hicho kiti cha chuma ukae upande wa dirisha, na umwache mama yenu hapo hapo miguuni pangu alipozoea. Na wewe, mdogo wake, fundi wangu, acha kuegemea fremu ya mlango kama mteja anayesubiri gari lake. Ingia, kaa hapa kitandani ubavuni mwangu, unitazame usoni, halafu weka kiganja chako hapa juu ya kifua, chini kidogo ya koo. Bonyeza. Bonyeza bwana, hutanivunja, mimi si oili sili, ule mpira wa kuzuia oili. Hivyo hivyo. Kiache hapo mpaka nimalize, na usiulize kwa nini, maana kabla sijamaliza utajua, na dada yako naye atajua.

Nesi amenipima leo asubuhi, akafungasha vifaa vyake taratibu mno, akamtazama mama yenu badala ya kunitazama mimi, nikaelewa. Nimekaa na wateja wa kutosha kuijua sura ya mtu anayetafuta namna ya kusema kwamba gari halifai tena. Sina hofu. Nimechoka tu, na pumzi inakuja na kuondoka itakavyo, kwa hiyo mkiona nimenyamaza msikurupuke kuita majirani, nisubirini, nitarudi. Nikishasema yangu mtakuwa huru kulia, kugombana, kuchemsha chai, lolote mtakalo. Kwa sasa nipeni heshima ya mtu anayeaga.

Najua mmekuja mkiwa hamsemeshani. Mmepishana pale uani bila salamu, watoto wa tumbo moja, nimewaona kupitia dirisha, mkadhani mzee amelala. Na najua chanzo chake ni basi la shule. Lile basi liliingia gereji yetu likivuma nyuma, na dereva wake, yule mama mwenye miwani, akaeleza vizuri kabisa kwamba halivumi akikanyaga mafuta, linavuma akiachia, hasa kwenye mteremko. Ukalichukua wewe, mwanangu, ukazunguka nalo barabarani, ukarudi ukasema ni matairi, yamelika upande mmoja, yabadilishwe. Yakabadilishwa. Haikupita wiki, beringi ya pinieni, ile gia ndogo inayoisukuma gia kubwa ndani ya difu, lile kasha la gia katikati ya ekseli ya nyuma, ikasagika yote, difu ikakaba, na magurudumu ya nyuma yakajifunga, basi likiwa katikati ya mteremko na watoto ndani. Mama wa watu akaushikilia usukani huku linaserereka, akalilaza ukingoni, akawateremsha watoto mmoja mmoja, hakuna aliyechubuka hata goti. Mungu amlinde na mikono yake ile.

Binti yangu, wewe ndiye uliyepigiwa simu. Wewe ndiye uliyekwenda kusimama mbele ya wazazi wenye hasira, ukayabeba maneno yao yote peke yako, na uliporudi gereji ulikuwa umejaa mpaka hapa. Ukamwambia mdogo wako, mbele ya fundi rangi na fundi umeme na wateja, kwamba ana kiburi, kwamba ukimwita haitiki, ukimweleza anaangalia pembeni, na kwamba iko siku ataua watoto wa watu. Yeye akavua ovaroli, akaitundika kwenye jiriwa, akaondoka. Tangu siku hiyo kufuli lako linaning'inia kwenye mlango wa upande wa difu, na nimeambiwa kuna bwana mmoja anayeuza makochi amekuja kupima sakafu kwa hatua. Makochi! Pale nilipolala chali maisha yangu yote nikidondokewa na oili machoni, watu waje wakae wameegemea wanauliza bei! Ah, niacheni nicheke, hata kama kucheka kunauma.

Sikukatazi hasira, binti yangu. Ulikuwa na haki nayo. Lakini hasira yako imelipiga nyundo gari zuri mahali pasipo na ugonjwa, na ndiyo maana nimewaita.

Sasa nisikilize wewe zaidi, maana mwenzako anajua. Mdogo wako hana kiburi. Mdogo wako hasikii.

Usitoe mkono! Uache hapo hapo, mwanangu, usinikimbie tena. Najua umeificha habari hii kwa muda mrefu, na najua unaniona nimekuvua nguo mbele ya dada yako, lakini mimi sina muda wa kupita uchochoroni, leo napita barabara kuu. Huko gereji kila mtu ana kelele zake, nyundo, kompresa, redio ya fundi rangi, nani atajua yupi anasikia na yupi anakisia? Ilibidi niugue, tukae wawili ndani ya chumba kimya, ndipo nikaona. Nilikuuliza mama yako amekwenda wapi, ukanijibu kwamba umeshakula. Nikasema moyoni, kijana ana mawazo. Siku ya pili nikakuuliza kama umeshakula, ukaniambia amekwenda dukani. Basi nikaangusha kijiko nyuma yako, hapa kwenye sakafu ya saruji, mama yenu akaruka kule jikoni, na wewe ukaendelea kunimenyea chungwa bila wasiwasi, vizuri kabisa, bila hata kukata nyama yake. Ulipoondoka nilijifunika shuka hadi usoni nikalia. Sikulia kwa ajili ya masikio. Nililia kwa sababu nilikumbuka jinsi ulivyokuwa ukikaa nasi mezani, siku hizi za karibuni, ukicheka nyuma kidogo ya watu wote, ukitazama kwanza kama wenzako wamecheka.

Umeona, Mama Pacha? Kila ulipomwita akakupita, ulikuwa unamwita mgongoni. Kila alipoangalia pembeni ulipokuwa unamweleza jambo, alikuwa anakugeuzia lile sikio la kulia lililobaki na uhai kidogo. Wewe ukaona dharau, yeye akaona aibu, na kila mmoja akaenda nyumbani kwake akafunga mlango. Ni ile mashine ya kusagia chuma, nina hakika, kusaga kutwa nzima bila kuziba masikio, kwa sababu mafundi wetu wanaona kuziba masikio ni mambo ya kitoto. Na ni lile jina langu la mtaani, Sikio. Mtoto wa Sikio! Unafikiri atamwambia nani kwamba hasikii, mtoto wa Sikio?

Ngojeni. Nipeni maji kidogo. Asante, mke wangu. Usinitazame hivyo, nalisema leo, tulikubaliana.

Haya. Mji huu wote unaniita Sikio, na wateja wametoka mbali kuniletea magari yanayolia, wakisema mzee yule akikaa ndani ya gari mara moja anakwambia gia gani imelika na mwenye gari ana tabia gani. Nami niwaambie, wanangu, wala msidhani naungama, kwa sababu hili si kosa na sina cha kuombea radhi: mimi difu sijawahi kuisikia kwa sikio tangu ninyi hamjazaliwa. Nilikuwa kijana, tangi la kompresa likapasuka ubavuni mwangu, na mlio ule ukaondoka na sauti zangu zote nyembamba, ndege, kengele ya baiskeli, birika likichemka, na ule wembamba wa gia inayolilia mafuta. Sauti nene zilibaki. Ndiyo maana mama yenu anaongea kutoka tumboni namna ile. Hakuzaliwa nayo sauti hiyo, aliitafuta kwa ajili yangu, na mpaka leo kwao wanamuuliza kama ana mafua.

Nilidhani ufundi umeniishia. Nikawa nakisia, kama ulivyokisia wewe kwa lile basi, mwanangu, ndiyo maana siwezi kukutupia jiwe. Kisha siku moja nilikuwa chini ya lori la matofali, liko juu ya stendi, injini inaunguruma na magurudumu yanazunguka hewani, na mikono yangu yote miwili ilikuwa kazini, basi bisibisi ndefu nikaiuma kwa meno. Ncha yake ikagusa kasha la difu. Wanangu! Sauti iliingia kichwani mwangu nzima, haikupitia mlangoni, ilipitia mfupa. Nikaisikia beringi ya upande wa kushoto ikikwaruza, krrr, krrr, kila mzunguko, wazi kuliko ninavyowasikia ninyi sasa. Nikahamisha ncha upande wa kulia, kimya, laini. Nikairudisha kushoto, krrr. Nilitoka chini ya lori lile nimejaa vumbi na machozi, mwenye lori akadhani nimeumia.

Tangu hapo nimesikiliza kwa meno na kwa viganja. Ile bisibisi yenye mpini wa mti, mnaijua, yenye alama za meno, ambayo pacha wamezoea kusema babu anaitafuna njaa ikimshika, hiyo ndiyo sikio langu. Imo chini ya mto huu. Mke wangu, itoe. Mpe.

Ishike kwa mkono ule mwingine, mwanangu, huo wa kifuani usiondoke.

Na jina la Sikio mnajua nilipewa na nani? Na Fundi Matairi, jirani yetu wa ukuta mmoja, yule ambaye mmekua mkiniona namnunia. Nilikuwa namwambia arudie kila anachosema, naye akachoka, akanipigia kelele mbele ya wateja, "Wewe una sikio kweli, sikio hilo!" Alikuwa ananikebehi. Wateja wakachukua kwamba ananisifu, na kabla jua halijazama jina likawa limeshika. Tumegombana naye juu ya kila gari lililowahi kuvuma katika mtaa huu: yeye akisema difu, mimi nikisema matairi, na mteja wa watu anasukumwa kutoka kwake kuja kwangu na kutoka kwangu kwenda kwake mpaka anaishiwa mafuta. Tumeshikana mashati tukiwa watu wazima wenye wajukuu. Lakini siri yangu aliijua, binadamu pekee nje ya nyumba hii, na hata siku ile ya mashati, hasira zimempanda na umati umejaa, hakuitoa. Nimeliwaza hilo sana nikiwa hapa kitandani. Jeki yangu kubwa, ile nyekundu ambayo amekuwa akiitamani, mpelekeeni. Mwambieni ni yake. Asipoamini mwambieni Sikio amesema magari yote yalikuwa matairi isipokuwa moja, na hilo moja sitamwambia lipi.

Sasa kazi. Mwanangu, tazama midomo yangu, na ukihisi sauti inatetema kifuani usiogope, ndiyo sauti yenyewe. Gari likikujia linalia, usiliharakie barabarani kuwaonyesha watu kwamba unasikia. Litembeze kwanza kwenye lami, halafu litoe kwenye changarawe. Mvumo ukibadilika na barabara, hayo ni matairi, na unaweza kwenda kumfurahisha jirani. Usipobadilika, uko ndani ya chuma. Kisha uliza mkono. Mtetemo ukiwa kwenye usukani, tafuta mbele. Ukiwa kwenye kiti, chini ya makalio, tafuta nyuma. Ukiwa sakafuni, chini ya nyayo, na unakuja tu gari likifika mwendo fulani kisha unapungua likizidi, hiyo ni propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, imepinda au imepoteza uzani, au kuna mtu aliifungua akairudisha bila kuiwekea alama ya rangi, akaifunga imepishana. Alama ya rangi kabla ya kufungua! Nimewaimbia wimbo huo mpaka mama yenu anaujua. Likigonga mara moja linapoondoka, shika krosi, kile kiungo cha propela, utikise. Likialika, ta-ta-ta, wakati wa kukata kona, ni viungo vya ekseli ya mbele, angalia mpira wake kama haujachanika na grisi kumwagika. Na likivuma ukiachia mafuta, likavuma kwenye mteremko... unalijua hilo. Hilo utalijua kuliko fundi yeyote sasa, na hutalikosea tena.

Lakini haya ya barabarani huwezi kuyafanya peke yako, na hapa ndipo penye usia wangu wenyewe. Mnafikiri mimi niliyafanya peke yangu? Mama yenu ndiye aliyekuwa anashika usukani. Mimi nilikaa nyuma, sakafuni, viatu nimevua, viganja chini, namwambia kanyaga, achia, kata kulia, kata kushoto, naye ananiambia kwa sauti yake ile nene vitu ambavyo masikio yake yamesikia. Watu mtaani walicheka sana, wakasema Sikio anaendeshwa na mkewe. Kweli aliniendesha! Na mpaka leo nashukuru.

Mama Pacha, wewe una masikio ya nyumba nzima. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unakaa pale kwenye ngazi, ukisikia gari linaingia unaniambia, "Baba, hili limechoka nyuma," nami ninakwenda kuangalia, na kweli limechoka nyuma. Ulipenda kazi ile. Nikakuweka ofisini kwenye simu na vipuri kwa sababu unajua kuongea na watu, na umeiweka gereji hii kwenye miguu yake, sibishi. Ila masikio yako yamekaa bure mbele ya simu muda mrefu. Kuanzia sasa gari la difu halitoki getini mpaka mmelitembeza ninyi wawili: wewe kwenye usukani, yeye sakafuni nyuma. Wewe unasikia, yeye anahisi. Mkikubaliana, linakwenda kwa mwenyewe. Msipokubaliana, linapandishwa tena juu ya stendi na bisibisi inaamua. Hata mteja awe na haraka namna gani. Hata akipiga honi mpaka betri ife.

Ndiyo maana siigawi gereji. Msiniulize nani kapata upande gani, kwa sababu hakuna upande. Nyumba hii ni ya mama yenu mpaka apumzike, na mtu asimwambie ahame chumba hata kwa maneno matamu. Gereji ni yenu wawili kwa pamoja, ukuta hadi ukuta, shimo na ofisi, ile mashine ya kushindilia beringi na hata ile redio mbovu. Funguo zikae kwa dada, bisibisi ikae kwa mdogo. Bwana wa makochi mrudishieni salamu zake, mwambieni nafasi imepata watu wake. Na kufuli lile, binti yangu, ulifungue wewe mwenyewe kwa mkono wako, usimtume mtu.

Na wewe, mwanangu. Utakwenda kwa dereva wa basi, yule mama mwenye miwani, uvue kofia, umwambie ukweli: masikio yangu yamepungua, nilikisia, nikakosea, wewe ukawaokoa watoto. Akikufokea, sijui utamsikia au hutamsikia, lakini simama hapo mpaka amalize. Kisha nenda kwa daktari wa masikio, labda kuna kilichobaki cha kuokolewa, na ziba masikio unaposaga chuma, na mwambie kila fundi mle ndani aje akuongeleshe usoni. Waambie kwa mdomo wako. Basi halikuharibiwa na masikio yako, bali na kule kuficha. Mimi nilipokuwa naficha nilikuwa na mama yako, wewe ulijificha hata kwetu, peke yako, na sitaki ukae hivyo hata siku moja tena. Umenielewa? Tikisa kichwa. Vizuri.

Ngojeni kidogo... ngojeni.

Nimerudi. Msinitazame kama nimekufa, bado nina la kusema.

Binti yangu, naona midomo yako inacheza. Unataka kumwambia kitu. Usiniambie mimi, na usiseme ukitazama dirisha, hapo hakuoni. Zunguka. Njoo upande huu, piga magoti kama ni lazima, uso wako uwe mbele ya uso wake. Mke wangu, msogezee kiti... Hivyo. Sasa mwambie. Taratibu, usifunike mdomo kwa mkono.

...

Sikusikia ulichosema, binti yangu, na sitaki kurudiwa, si changu. Nimeona uso wake, yanitosha. Futa pua. Na wewe mshike mkono basi, bisibisi hiyo iweke magotini, haitakimbia. Wanangu. Ah, wanangu. Nimekuwa na kiu ya kuona hivi kuliko nilivyokuwa na kiu ya maji.

Nina kazi moja nimeiacha nusu. Nesi huyu anayekuja ana kagari kadogo ka bluu, na kila anapoondoka hapa namhisi kupitia miguu ya kitanda, kanatetema kwenye kona ya kushoto, nikamwahidi kwamba nikipata nafuu nitakaangalia. Nafuu haikuja. Kesho akija, msimwache aende hivyo. Mkatembeze ninyi wawili. Mimi nadhani ni kiungo cha ekseli, mpira umechanika, lakini msilitegemee neno langu, mkaguse wenyewe. Hilo liwe gari lenu la kwanza.

Maneno yananiishia. Kwa hiyo nawabariki sasa, kabla pumzi haijaniacha katikati. Mungu awape mikono inayohisi na subira ya kuuliza mara ya pili. Awape wateja wakweli. Kila mtakachokifunga kishike, na kila mtakachokifungua msisahau kilivyokuwa. Mkikosana, na mtakosana, nawajua, msilale bila kutazamana usoni. Pacha wapeni stuli zangu mbili za gereji, wakae hapo wakue wakisikiliza. Mama yenu... mama yenu namwachia yeye mwenyewe, hajawahi kuhitaji kuagizwa. Mke wangu. Umeniendesha vizuri.

Fungueni dirisha kidogo. Sina baridi.

Mwanangu, mkono wako uko wapi? Upo. Uache. Ndiyo... Hili ndilo nililokuwekea mkono, sasa nakwambia. Hawa watanisikiliza kwa masikio. Watadhani nimelala. Watabishana kuhusu dirisha, na wataongea kwa kunong'ona wasiniamshe. Wewe utajua kabla yao. Ukihisi kumenyamaza chini ya kiganja, usishtuke, usipige kelele. Subiri kidogo. Hakikisha, kama nilivyokufundisha, usikisie. Kisha mguse mama yako begani, mara mbili, polepole... ndivyo anavyonigusa mimi. Ataelewa.

Wewe ndiye Sikio sasa.

Bonyeza kidogo, mwanangu. Hivyo... Nambie.

Bado inazunguka?